Ubao Mmoja na Kiungo Kilichofichwa

Liko swali lionekanalo kuwa la karakana tu, walakini tukilitazama sana twaona kwamba lamhusu kila mtu auzaye, afundishaye, au atoaye ahadi. Swali lenyewe ndilo hili: Fundi akiahidi kitu cha kipande kimoja, kisha akatoa kilichoungwa, na kiungo hakionekani, wala kazi ya kitu haipungui, je, amekosa? Na tulipime kwa mfano wa gitaa la besi, ambalo siku hizi husikika katika kwaya nyingi.

Gitaa hili kwa kawaida lina nyuzi nne nene, na urefu wa uzi unaolia huwa inchi 34, yaani karibu sentimeta 86. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alitoa besi ambayo shingo yake ilichongwa mbali na kiwiliwili, kisha ikafungwa kwa skrubu. Wala haikuwa aibu, kwa kuwa shingo ikiharibika huondolewa, ikatiwa nyingine. Mafundi wengine huunga kwa gundi. Lakini wako wachache wapendao kuchonga kichwa, shingo na kiwiliwili katika ubao mmoja, pasipo kiungo chochote.

Kazi hiyo ni ngumu. Ubao hauna budi kupita meta moja kwa urefu, uwe na upana wa kutosha kiwiliwili, uwe umekauka kabisa, tena nyuzinyuzi za mti ziende sawa mahali pa shingo. Kandokando ya shingo mti mwingi hukatwa ukatupwa. Nyuzi zikikazwa huvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 60; kwa hiyo huchimbwa mfereji ndani ya shingo, ukatiwa ufito wa chuma, ili isipinde. Na patasi ikikosea mara moja, hakuna shingo nyingine ya kuweka.

Fundi mmoja tumjuaye aliwaahidi wanakwaya besi ya namna hiyo, ya ubao wa mninga. Akakausha, akapiga randa, akachonga kwa miezi. Ilipobaki kupiga msasa tu, ufa ukatokea karibu na kichwa, mahali palipokuwa na kifundo kilichojificha ndani ya mti. Ubao mwingine hakuwa nao, na fedha ya arbuni ilikwisha kutumika. Basi akakikata kichwa, akaunga kipande kingine kwa gundi iliyo imara, akatia nyuzi, nazo zikalia vizuri. Rafiki yake akamwambia, "Paka rangi nyeusi. Hakuna sikio litakalokijua kiungo hiki."

Na tukiri kwamba neno la rafiki huyo si neno jepesi. Sauti ilikuwa njema. Kiungo kilichotiwa gundi vizuri mara nyingi hushinda kwa nguvu mti ulio kando yake. Tena, hata besi ya ubao mmoja ina ufito wa chuma shingoni, na vigingi vya kukazia nyuzi kichwani. Basi umoja wake haukuwa kamili tangu mwanzo. Labda mtu atauliza, "Aliyenunua amepungukiwa na nini?"

Twajibu hivi. Wanakwaya hawakuagiza sauti peke yake. Waliagiza kitu cha namna fulani, wakakubali bei iliyo kubwa kwa ajili ya namna hiyo. Huenda walitaka jambo lisilo na faida kubwa, lakini kupima faida hiyo ilikuwa haki yao, si haki ya fundi. Mtu akisema moyoni, "Hili haliwadhuru, basi wasilijue," amejifanya mwamuzi katika shauri la wengine, naye mwenyewe ndiye anayepata fedha kwa hukumu ile. Tena chombo huishi kuliko aliyekifanya. Siku moja fundi mwingine atakitengeneza, naye atahitaji kujua mahali kilipoungwa.

Je, ilimpasa kukitupa? Sivyo. Kuunga si kosa. Wazee walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Mtumbwi huchongwa katika gogo moja, na jahazi huundwa kwa mbao nyingi, walakini jahazi ndilo lichukualo mzigo mkubwa na kwenda mbali. Hata rangi si kosa. Rangi ipakwayo baada ya kusema kweli ni pambo; rangi ipakwayo ili kweli isisemwe ni uongo, ingawa mkono ni ule ule na kopo ni lile lile. Kosa halimo katika gundi wala katika rangi, limo katika kunyamaza.

Fundi yule alikwenda kwa wanakwaya kabla ya kupokea fedha iliyobaki, akawaonyesha kiungo kwa kidole. Wengine walinung'unika, na bei ikapunguzwa, hata faida yake ikaisha yote. Hatusemi kwamba baadaye alilipwa kwa njia nyingine, maana hatukusikia hivyo. Mtu asemaye kweli kwa kutumaini malipo atachoka upesi siku malipo yasipokuja. Yatosha kwamba besi ikisifiwa mbele yake, aweza kuipokea sifa ile bila kuinamisha macho.

Besi ile yapigwa hata leo. Haikupakwa rangi, ila vanishi tu, na mstari wa kiungo waonekana wazi shingoni. Watoto wakiuliza mstari ule ni nini, huambiwa: hapo mti ulipasuka, ukaungwa. Nasi kila mmoja na akitazame alichokiuza au alichokiahidi, kama yuko tayari kuulizwa vivyo hivyo.