Mwanga Unaotunzwa

Mchoraji Mchina Li Keran, aliyeishi kati ya mwaka 1907 na 1989, alichora milima myeusi tititi. Alipaka wino, akaacha ukauke, akapaka tena na tena. Mwaka 1974 alikuwa miongoni mwa wasanii walioshutumiwa hadharani mjini Beijing kwa picha zilizoitwa nyeusi. Lakini zitazame vizuri. Kati ya weusi ule utaona ukingo wa mti au mkanda mwembamba wa maji ukimeremeta, kana kwamba jua liko nyuma ya mlima.

Nuru ile hakuipaka. Ni karatasi yenyewe, mahali ambapo brashi haikugusa. Karatasi hiyo hufyonza wino papo hapo, na tone likishaingia halifutiki. Mchoraji hana budi kuamua mapema mwanga utakaa wapi, kisha aulinde mpaka mwisho. 

Sisi hapa Busanza, Kanombe, jijini Kigali, mara nyingi tunakwenda kinyume. Tunaliacha juma lijae kazi, ada za shule, simu na ugomvi wa nyumbani, halafu Jumapili tunamwomba Mungu apake nyeupe juu ya yote. Rehema yake haina mpaka, naamini hivyo kwa moyo wote. Ila tunajinyima wenyewe siku sita za kuiona.

Wala Neno halituambii kwamba giza halipo. Mwimbaji wa Zaburi ya 139 analitaja waziwazi, anakiri tu kwamba halimfichi mtu mbele za Mungu. Na sisi wa Kanombe tunalijua. Nyumba iliyokuwa ya rais ni Makumbusho ya Sanaa tangu mwaka 2018. Ndani kuna michoro na vinyago, na kando yake yamelala mabaki ya ndege ya rais iliyotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Mgeni anayaona yote kwa siku moja. Mimi naona ni vyema hivyo, kwa sababu imani inayoogopa kutazama yale mabaki haitamfaa mjane wa mtaani kwetu ifikapo Aprili, tunapowakumbuka waliouawa.

Basi nawasihi. Jumatatu, kabla simu haijawashwa, tengeni muda wa sala na Neno, na msikubali chochote kiuingilie. Mkienda kwa mfiwa, msimjaze maneno. Ketini naye, msikilizeni, mwacheni alie. Na yeyote ambaye juma lake limeshakuwa jeusi kabisa asisubiri Jumapili. Aje hata leo jioni, tuombe pamoja.