KUKOSA NGUO NA KUKOSA ADABU



Mwezi wa tisa, masomo yanapofunguliwa, watoto wa Ariwara wanatoka nyumbani na nguo za bulu na nyeupe, kama watoto wa Kongo yote. Lakini mlangoni kuna wanaorudishwa. Mmoja, kwa sababu hana shati jeupe. Mwingine, kwa sababu simu imelia ndani ya mfuko wake. Wote wawili wanaambiwa neno moja: “Umekosa.” Je, wamekosa sawasawa?

Katika lugha yetu, kukosa ni kutokuwa na kitu, na kukosa ni kutenda kosa. Mtoto asiye na shati amekosa kwa namna ya kwanza. Aliyeficha simu amekosa kwa namna ya pili. Anayewapa azabu moja amechanganya umaskini na ukaidi.

Tuanze na nguo. Sheria hii ni nzuri. Inataka mtoto wa tajiri wa soko na mtoto wa mama muuza mihogo waketi benchi moja bila kutofautishwa. Lakini sheria iliyowekwa ili maskini asizarauliwe, inakuwa kitu gani siku inapomfukuza maskini? Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure, na tangu mwezi wa tisa 2019 serikali ilianza kutimiza jambo hilo. Hata hivyo shati halikuwa bure, wala viatu. Mtoto wa miaka saba hana pesa. Anabeba azabu ya nyumba nzima. Yakobo, katika sura ya pili ya barua yake, aliwakemea waamini waliompa mwenye mavazi mazuri kiti cha heshima na kumsimamisha maskini pembeni. Sisi tunamtoa nje kabisa.

Yuko pia anayevaa tofauti kwa ajili ya imani yake. Huko Kenya, msichana wa Kirasta alifukuzwa mwaka 2019 kwa sababu ya nywele zake na kilemba alichozifunika. Tarehe 13 Septemba mwaka ule Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba masomo yalivunja haki yake. Mtoto huyo hakukosa kwa namna yoyote ya zile mbili.

Sasa simu. Hapa walimu wana haki ya kukaza. Taarifa ya UNESCO ya 2023 ilisema kwamba mwanafunzi aliyevutwa na simu anaweza kuchukua hata dakika 20 kabla ya kurudisha mawazo yake kwenye somo. Na simu moja inavuta macho ya benchi nzima. Kwa hiyo ichukuliwe. Lakini kuchukua si kujipatia. Simu inayobaki kwa mkubwa wa masomo bila siku ya kurudi, au inayouzwa, au inayovunjwa mbele ya wanafunzi, inawafundisha kwamba mwenye nguvu hana sheria. Katika Kutoka 22, hata aliyeshika nguo ya jirani kuwa rehani aliamriwa kuirudisha kabla ya jua kutua. Basi simu iandikwe, itunzwe, na mzazi aitwe kuipokea. Na mwalimu naye azime yake: anayejibu simu mbele ya ubao atamkataza nani?

Wengine watasema: “Ukimwachilia mmoja, kesho wote watakuja na nguo za nyumbani.” Hofu hiyo si bure, wako watoto wanaoacha shati nyumbani kwa kiburi. Ndiyo maana mwalimu aulize kwanza, halafu aazibu. Kamati ya wazazi inajua nyumba zetu. Mwenye shati na asiyelivaa, aazibiwe. Asiye nalo, aingie asome, na watu wazima watafute shati.

Ndugu, neno hili la mwisho ni letu. Mzazi anayempa mtoto simu ya kwenda nayo masomoni, kisha anakuja kugombana na mwalimu, anabomoa alichojenga. Na shati ambalo mtoto wako hawezi tena kulivaa kwa sababu amekua, lisilale ndani ya sanduku. Lifue, lipeleke kwa jirani kabla ya mwezi wa tisa.

Bwana atupe macho ya kutofautisha. Amina.