Televisheni ni Yako. Yapitayo Ndani Yake ni ya Nani?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Limetufikia suala kutoka Gachoka, katika nchi ya Mbeere, kaunti ya Embu. Mwenye kuuliza ni kijana wetu wa pwani aliyehamia huko kwa kazi ya ufundi wa vyombo vya umeme. Asema kwamba watu humletea televisheni hizi za kisasa ziunganishwazo na intaneti, wakamtaka alivunje kufuli aliloliweka mtengenezaji, kisha atie programu zisizotoka kwa mtengenezaji huyo, ili watazame mpira na filamu bila ya kulipa. Imamu wa msikiti asalipo amemwambia kuwa yote hayo ni haramu. Rafiki zake wa Mombasa wamemwambia kuwa yote ni halali, kwa kuwa wenye makampuni ni makafiri, tena ni matajiri. Naye ana mke na watoto, na kazi hii ndiyo impayo zaidi kuliko nyengine. Ataka kujua: je, ale chumo hili au aliache?

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu twataka msaada: wote wawili waliomjibu wamefanya haraka. Wamechukua mambo mawili yaliyo mbalimbali wakayatia katika kapu moja.

Ama chombo chenyewe, mtu akikinunua kwa mali yake, bei ikalipwa na kitu kikakabidhiwa, mauzo yametimia na milki imehama. Muuzaji hana tena haki ya kumkataza asifungue mgongo wake wala asibadilishe programu ikiendeshayo, kama vile aliyeuza nyumba asivyoweza kumkataza mnunuzi kutoboa dirisha. Asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza, na imamu wetu hakuleta dalili. Hata Marekani, ambako sheria ya kulinda makufuli haya ni kali, mwaka 2015 mwenye televisheni aliruhusiwa kulifungua kufuli lake ili atie programu alizozipata kwa njia ya halali. Na watengenezaji nao si malaika. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2, baada ya kushtakiwa huko Marekani kwamba televisheni zake milioni 11 zilikuwa zikiandika yatazamwayo majumbani mwa watu bila ya idhini yao. Mwenye kutaka kulifumba jicho kama hilo ndani ya nyumba yake, tumlaumu kwa lipi? Ila akiwa ameambiwa kwamba akilivunja kufuli dhamana ya matengenezo yaanguka, basi chombo kikiharibika asirudi dukani akaficha alilolifanya. Huo ni ughushi.

Lakini watu hawavunji kufuli kwa ajili ya kufuli. Huvunja kwa ajili ya kile kipitacho, na hapa ndipo penye shida. Kampuni imenunua kwa mali nyingi haki ya kuonyesha mechi, ikaajiri wapiga picha na watangazaji, kisha ikasema: atakaye kutazama na alipe. Programu ya wizi huyachukua matangazo yale ikayapeleka kwa asiyelipa, na mara nyingi huyo apelekaye hujitoza ada yake ya kila mwezi, akala jasho la mwenziwe. Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanywa Kuwait mwezi wa Disemba 1988, iliamua kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni haki zenye kulindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo yakataza.

Ama hoja ya kuwa wenye mali ni makafiri, hii ndiyo iliyotutia uchungu zaidi. Ndugu zetu, mmeisoma wapi dini hii? Usiku wa Hijra, Makureshi walipokuwa wamekula njama ya kumuua Mtume (S.A.W.), nyumbani mwake mlikuwa na amana zao. Hakusema kuwa ni mali ya maadui. Alimwacha Sayyidna Ali Makka azirudishe kwa wenyewe. Na Mughira bin Shuuba, kabla ya kusilimu, alisafiri na watu wasio Waislamu, akawahadaa, akawaua na kuchukua mali yao. Alipomjia Mtume, Uislamu wake ulikubaliwa, lakini mali ile Mtume alijitenga nayo. Nao walikuwa washirikina! Leo mtu avaa kanzu, aswali safu ya mbele, kisha atuambia kuwa mali ya kafiri haina mwenyewe. Mwenye kibanda naye huwatoza watoto shilingi zao mlangoni kwa mechi aliyoiiba, kisha huhesabu fedha zile kuwa ni riziki.

Watu wasema kuwa ada ni ghali. Kweli ni ghali, wala hatuwatetei watozao. Lakini mpira si unga. Asiyeweza bei ya nyama hali nyama ya kuiba; hula mchicha, na stesheni za bure zipo.

Tena yako madhara wasiyoyajua wenye nyumba. Mwezi wa Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ilieleza kuwa imeona visanduku vya televisheni vipatavyo milioni 1.3, katika nchi 197, vimeingiwa na programu haribifu iliyoitwa Vo1d. Mwezi wa Juni 2025 wapelelezi wa FBI wakaonya juu ya nyengine, BADBOX 2.0, ambayo huwamo kisandukuni kabla hakijanunuliwa, au huingia pamoja na programu zisizo rasmi. Kazi yake ni kuifanya intaneti ya nyumba yako kuwa njia: mwizi wa nchi ya mbali hupita kwako, na alama ya nyayo zake huonekana kuwa ni yako. Fundi atiaye asichokijua katika nyumba ya mtu, naye apokea ujira, ni mdhamini wa atakachokiharibu.

Jawabu letu kwa kijana wa Gachoka basi ni hili. Kutengeneza, kufungua chombo cha mtu kwa idhini yake, kumtilia programu za Qurani au zile zilizotolewa bure na watungaji wake, kama VLC na Kodi, ujira wake ni halali. Akijua kwamba ataka kuiba matangazo, asimsaidie, hata akiongezewa bei. Asipojua, halazimiki kupeleleza nia za watu. Ama aliyoyachuma kabla ya kuijua hukumu, twamtarajia msamaha kwa Mola wake. Baada ya leo hana udhuru. Na tajiri mmoja wa hapa mjini, mwenye duka la vyombo hivi, akimpa kazi ya halali atakuwa amemsaidia kuliko waraka huu wetu.

Suala lake la pili ni la jirani zake walimao muguka na kuuleta Mombasa, ambako kaunti ilitangaza kuupiga marufuku mwezi wa Mei 2024, na jambo likafika mahakamani. Hilo lina urefu wake, nasi tutalijibu katika waraka ujao, Inshaallah.