Je, Kunyamaza ni Kusema Uongo?



Kijana mmoja wa sharika zetu, aliyekwenda kusoma Marekani katika jimbo la Utah, ameniletea barua yenye swali, nami nimekaa na swali hilo siku nyingi kabla ya kushika kalamu. Alipanga chumba katika nyumba ya Wamormoni, watu wema, wasiokunywa chai wala kahawa, ambao kila Jumatatu jioni huketi pamoja na watoto wao kwa sala na mafundisho. Mwana wao mkubwa alimfunulia siri yake: tangu ujana wake moyo wake huvutwa kwa wanaume, si kwa wanawake, na sasa yuko mmoja ampendaye mjini. (Neno la mitaani silitumii, maana ni tusi.) Baadaye mama wa nyumba akamwuliza mgeni wake, "Kwa nini mwanangu haoi?" Naye akajibu, "Sijui, mama." Sasa auliza: Je, nimetenda dhambi?

Imetupasa kwanza kujua uzito wa neno lile katika nyumba ile. Watu hao, ambao kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830, na ambao walifika bonde la Salt Lake mwaka 1847, hufundisha kwamba mume na mke waliofungwa ndoa hekaluni wamefungwa hata milele, na kwamba utukufu ulio juu kabisa hauingiwi na mtu peke yake. Basi mama yule hakuwa akiulizia wajukuu tu. Aliona mahali patupu katika jamaa yake huko mbinguni. Sisi hatufundishi hivyo. Walakini chozi la mama hupimwa kwa imani yake mwenyewe, si kwa yangu.

Tena hekalu lao halina mlango wazi. Mtu huhojiwa na askofu wake, ambaye kwao hapokei mshahara, bali pengine ni fundi au mwalimu wa jirani aliyemjua tangu utoto. Huulizwa habari za usafi wa mwili, tena huulizwa kama ni mkweli. Akikubaliwa hupewa hati, nayo hudumu miaka 2. Viongozi wao husema kwamba kuvutwa si dhambi, ila tendo. Kwa hiyo ajizuiaye maisha yake yote aweza kuipata. Asiye na hati haingii, hata siku dada yake aolewapo. Hungoja nje na nguo zake nzuri, pamoja na watoto wadogo, na jamaa wakitoka kupigwa picha humwona.

Hati ya kijana yule imekwisha muda wake, naye hakwenda kuomba nyingine. Angalieni jambo hili. Hakutaka kumdanganya askofu, kwa hiyo hakwenda. Na dada yake ameposwa.

Habari ya tendo lenyewe, kanisa letu lina fundisho lake, nanyi mnalijua. Swali la barua si hilo. Swali ni amri ya nane. Neno "sijui" halikuwa kweli, wala sitalipaka chokaa. Angeweza kusema, "Mama, hilo mwulize mwenyewe." Lakini nani asiyejua kwamba jibu hilo nalo ni mlango ulioachwa nusu wazi? Mama angekwenda kuuliza usiku ule ule, na mwana angesemeshwa siku asiyoichagua. Luther alipoieleza amri hii hakuishia kukataza uongo. Alitaka pia tusimsaliti jirani yetu, bali tumtetee. Siri ile haikuwa mali ya mpangaji hata aitoe.

Wala si waulizwao tu wapasikao kujichunguza. Miaka iliyopita, katika baraza la wazee, nilimbana mtu kwa maswali hata akasema yote. Jambo lake lilikuwa jingine kabisa. Nilirudi nyumbani nimeridhika kwamba kweli imepatikana. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili, na ilipita miezi 5 ndipo nilipokwenda kubisha hodi kwake. Sikuwa nimefikiri hata kidogo mtu yule angeketi wapi akiisha kusema.

Yuko Mmormoni mmoja, mtunga mashairi, Carol Lynn Pearson. Aliolewa na Gerald hekaluni mwaka 1966, wakapata watoto 4, na ndoa ikavunjika kwa sababu hii tunayoisema. Zamani zile wengi walishauriwa kuoa ili wapone. Hata mwaka 1987 Gordon B. Hinckley, mmoja wa wakuu wa kanisa lao, alisema wazi kwamba ndoa isihesabiwe kuwa dawa. Gerald alipougua UKIMWI alirudi kwa mama wa watoto wake, naye akamwuguza nyumbani mwake hata alipokufa mwaka 1984. Sijui wazee wa baraza letu wangalisema nini juu ya nyumba hiyo. Mimi ningalivua viatu mlangoni.

Nimemwandikia kijana wetu kwamba neno lake alitubu mbele za Mungu, lakini asiende kwa yule mama kulisahihisha. Aende kwa mwana, amwulize kama yuko mtu atakayeketi naye nje ya hekalu siku ya arusi.