Udongo wa Ukambani na Riziki ya Malindi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa bara na bahari, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zangu Waislamu, mwaka uliopita nilikwenda kuwazuru ndugu zetu wa Kibwezi, katika nchi ya Makueni. Nikafika ukingoni mwa mto Athi, ambao ng'ambo yake ni Kitui. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, na maji ni mekundu kama matofali yaliyopondwa. Mzee mmoja akaniambia: "Shekhe, lile lipitalo ni shamba langu." Nikakumbuka kwamba maji yale yakisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, yakamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Basi shamba la mzee yule lilikuwa laja kwetu.

Mtu atauliza: udongo huo wamdhuru nini mvuvi? Katika maji ya bahari vimo vijimea na vijidudu vidogo mno, vyaelea na kuchukuliwa na mikondo. Wataalamu huviita planktoni. Vijimea huishi kwa mwanga wa jua, na vijidudu huvila. Chini, sakafuni mwa bahari, chaza na sifongo huyachuja maji wapate chakula hicho, na matumbawe hunasa vijidudu. Vinavyokufa huzama, wakala majongoo na minyoo. Na hao wa chini hawali bure: taka zao huyeyuka zikarudi juu kuwa mbolea ya vijimea; na watoto wa chaza, kaa na matumbawe huanza maisha wakielea katika planktoni, kisha hushuka kutafuta makao. Hivyo wa juu na wa chini hukopeshana, na samaki wetu hula katika mkopo huo. Hiyo ndiyo mizani aliyoiweka Mola.

Udongo ukizidi, mwanga hupungua, vijimea vikadhoofika. Matumbawe hufunikwa, na mtoto aliyekuwa akielea hakosi kushuka, bali hukosa jiwe safi la kushika. Haya si dhana. Tumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, kama mti. Wataalamu walilichunguza tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300, wakatangaza mwaka 2007 kuwa udongo wa mto ulianza kuzidi tangu 1900, ukafikia kilele baina ya 1974 na 1980.

Lakini sisi, samaki wakiadimika, wako wasemao bahari imekasirika, wakachinja mbuzi na kufukiza ubani ufukweni. Bahari haikasiriki, wala haimiliki riziki ya mtu! Wengine husema ni kadari, wakakunja mikono. Kadari ni haki, lakini Suratu Rum imetufunza kuutazama ufisadi wa bara na bahari katika machumo ya mikono yetu.

Wala tusiwalaumu Wakamba. Wengi wao wamechimba matuta ya fanya juu na kujenga mabwawa ya mchanga mitoni. Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018. Je, sisi? Gunia la makaa tulinunualo kwa rahisi, nani kati yetu huuliza mti wake umekatwa wapi? Na juya, lililokatazwa Kenya tangu 2001, likikokotwa hung'oa majani ya bahari na kuvunja makao ya hao wa chini.

Mtume (S.A.W.) alitupigia mfano wa watu waliogawana jahazi: walio chini wakataka kutoboa fungu lao wapate maji karibu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Mwenye shamba asiseme "shamba ni langu," wala mwenye juya asiseme "wavu ni wangu." Jahazi ni moja, tangu Kitui hata Malindi.

Basi tuache kafara za ufukweni, tuliache juya, na tusinunue makaa tusiyojua yalikotoka. Kumzuia mwenye kutoboa ni wajibu wetu, na wa kwanza wa kuzuiwa ni nafsi zetu.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atuwezeshe kuifuata. Amin.