Taji la Mwaka 1887

Je, ni haki mtu aliyetii sheria ya siku zake kuhukumiwa kwa sheria iliyokuja baadaye? Swali hili lilinijia mahali nisipolitarajia, nikisoma habari za besiboli ya Marekani, mchezo ambao kusema kweli sijaucheza hata siku moja.

Katika mchezo huo mrushaji humtupia mpigaji mpira. Akiurusha nje ya shabaha mara kadhaa, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure, na zawadi hiyo haihesabiwi kuwa pigo. Mwaka 1887, na mwaka huo tu, ilihesabiwa. Cap Anson wa Chicago alikuwa na mapigo 164 katika majaribio 472. Zawadi zake 60 zikaongezwa pande zote mbili, wastani wake ukapanda kutoka 0.347 hadi 0.421, naye akawa bingwa wa wapigaji wa Ligi ya Taifa. Mwaka 1968 kamati ya kumbukumbu ikaamua kwamba zawadi zile zisihesabiwe tena kuwa mapigo. Kwa hesabu mpya, aliyeongoza ni Sam Thompson wa Detroit, mwenye 0.372. Wote wawili walikuwa kaburini tangu 1922.

Nakiri kwamba nilifurahi. Anson ndiye yule aliyekataa kucheza dhidi ya watu weusi, na nilipoona amenyang'anywa kitu, moyo wangu ulisema: vema! Baadaye nikaona haya. Ubaguzi wake ulikuwa uovu mkubwa, lakini haukuwa shauri lililokuwa mbele ya kamati ile.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mpigaji anayejua kwamba kituo cha bure ni sawa na pigo, husimama akasubiri. Mipira ambayo pengine angeijaribu, huiacha ipite. Ukizifuta zawadi zake baada ya miaka 81, hupati kile ambacho angefanya chini ya sheria nyingine. Unapata hesabu ya mchezo ambao haukuchezwa na mtu yeyote. Tena mwaka huohuo mpigaji alitolewa kwa makosa manne, si matatu. Nafasi hiyo ya nne ilimfaa Thompson kama ilivyomfaa Anson, nayo hakuna awezaye kuitoa katika vitabu.

Utasema: bila kipimo kimoja tutawalinganishaje watu wa nyakati mbalimbali? Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, wapigaji wakapata nafuu kubwa, na mwaka uliofuata Hugh Duffy wa Boston akafikisha 0.440. Mbona yeye hakupunguziwa? Kwa sababu zawadi huhesabika, na umbali hauhesabiki. Basi tumesahihisha kilichokuwa rahisi kusahihisha, tukakiita haki.

Kitabu changu kinaonyesha 0.347 mbele ya jina la Anson. Nimeandika 0.421 pembeni, kwa kalamu ya risasi. Mkono haukupenda.