Afya ya Mfanya Kazi Mgeni ni Amana



Kila mwaka vijana wa Kenya, Uganda na nchi nyinginezo huvuka bahari kwenda kutafuta riziki katika nchi za Ghuba, ambako joto la kiangazi hupita digrii 40. Mjenzi ashindaye juani bila maji ya kutosha huweza kufa kwa joto katika muda wa saa chache. Na miongoni mwa vijana wa Nepal waliorejea kutoka huko, wamo waliokutwa na mafigo yaliyoharibika.

Je, hayo ni majaaliwa tu? La, hasha! Yanazuilika. Mwaka 2021 serikali ya Qatar ilikataza kazi za juani kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9.30 alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Lakini sheria ni mpaka wa chini. Amchaye Mungu huenda mbele zaidi. Humpa mfanya kazi wake kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 au 20, na kivuli cha kupumzikia. Aliye mgeni wa hari humpa siku ya kwanza sehemu moja tu ya tano ya kazi, kisha humwongezea kidogo kidogo. Akiugua humpatia daktari na mkalimani, wala hamkati mshahara. Wala hamzuilii pasipoti, maana asiye nayo hawezi kuondoka mahali panapomdhuru.

Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba watumishi ni ndugu zetu. Tuwalishe tunachokula, tusiwatwike wasiyoyaweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Angalia vema: hakuyaita hayo sadaka. Ni haki. Basi tajiri ajengaye msikiti kwa faida aliyoipata kwa kumnyima mfanya kazi kivuli, ametoa mali ya mwenziwe.

Nawe msomaji, usiseme huna kampuni. Binti aliyetoka mbali kuja kukupikia, na kijana alindaye duka lako usiku, nao ni wageni mikononi mwako. Waulize leo: mara ya mwisho mlipumzika lini? Mkiugua, nani huwapeleka hospitali? Ikiwa jibu lao litakuaibisha, shukuru kuwa umelisikia hapa duniani, ungali na nafasi ya kutengeneza.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitimiza haki za waja Wake kabla hatujaulizwa. Amin.